Sitara ya Kiambishi: Mpenzi, Mpiganaji na Usomaji wa Ushairi wa Mvita

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ushairi wa mapenzi wa Mombasa, uliotungwa katika miongo ya vita vya mwanzo wa karne ya 19, unavyomsitiri mpenzi anayetajwa. Inashikilia kwamba katika Kiswahili siri ya penzi baina ya wanaume haikuhitaji kufichwa na mshairi wala kufutwa na mhariri, kwa kuwa sarufi ilikwisha kuisitiri. Na kwamba jinsia tunayoisoma leo katika tungo hizo, aghalabu, ni nyongeza ya mfasiri, ya mwandishi wa mwongozo na ya mwalimu. Mjadala unatoka katika Mji wa Kale wa Mombasa, unapita katika sheria za kikoloni, na kufikia riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives (2020).

Utangulizi

Mwanafunzi anapopewa shairi la mapenzi la karne ya 19 aeleze maudhui yake, jibu lake huanza kwa sentensi ambayo kila mhadhiri ameisahihisha mara nyingi: mshairi anamlilia mpenzi wake wa kike aliye mbali naye. Sentensi hiyo hupewa alama. Ni nadra mwalimu kuuliza hayo maneno mawili, "wa kike", yametoka katika mshororo upi. Akiulizwa, mwanafunzi atarudi katika shairi na kutafuta, na mara nyingi atakutana na mpenzi, muhibu, sahibu, mwandani, au yeye tu, asiyetambulishwa kwa jina, mavazi wala ukoo. Jinsia haimo. Imetoka kwa msomaji.

Inaweza kudhaniwa kuwa jambo hili ni dogo. Kwa tungo nyingi huenda ni dogo kweli, kwani mazoea ya jamii yanatosha kuonyesha aliyekusudiwa. Lakini uzito wake hujitokeza pale utungo unapotoka katika mji uliokuwa vitani, ambako wanaume walikesha pamoja ngomeni, wakasafiri pamoja katika majahazi kwenda kupigana, na wakarudi wakiwa pungufu. Katika fasihi za mataifa mengine, hali kama hiyo imezaa maandishi ya mapenzi baina ya askari na askari, ambayo yaliandikwa kwa kificho na yakasomwa kwa kificho zaidi. Je, Mvita ilikuwa tofauti? Makala hii haimtafuti shujaa aliyefichika wala haimpi mtu yeyote wa kale jina asilojipa. Inauliza tu kama zana zetu za usomaji zingeweza kumwona mtu kama huyo hata angekuwa mbele yetu.

Mji, vita na mshairi

Mombasa ya Muyaka bin Haji (yapata 1776–1840) ilikuwa mji wa kisiwa uliotawaliwa na Mazrui kutoka Ngome ya Yesu, ile iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Uhai wa mshairi huyu ulipita katikati ya misukosuko. Yapata 1812 au 1813 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu huko Shela, katika vita vinavyoitwa vya Kuduhu. Lamu ikatafuta hifadhi kwa Seyyid Said wa Oman. Mwaka wa 1824 Kapteni Owen wa manowari ya Leven akaipandisha Mombasa bendera ya Waingereza. Luteni Reitz aliyeachwa kuusimamia mji alifariki mwaka uo huo, na kufikia 1826 Waingereza walikuwa wamejiondoa. Kuanzia 1828 Seyyid Said aliushambulia mji mara kadhaa hadi alipoutwaa mwaka wa 1837. Muyaka aliishi kuyaona yote hayo, na kifo chake kilikuja miaka michache tu baada ya utawala wa Mazrui kuporomoka.

Wapiganaji wa Mombasa hawakuwa jeshi la mshahara peke yake. Walitoka katika mataifa ya mji, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, na kwa washirika wao wa Mijikenda. Mtu aliyekuwa muuza samaki au fundi wa majahazi asubuhi aliweza kuwa zamu ukutani usiku. Kwa sababu hiyo, hadhira ya mashairi ya vita na hadhira ya mashairi ya mapenzi ilikuwa moja. Ndiyo maana wahakiki husema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni: shairi la mishororo minne lilitoka kinywa hadi kinywa kwa watu waliokuwa wakijuana kwa sura.

Katika mazingira hayo, fumbo lilikuwa silaha. Tungo zilizorushiana Mombasa na Lamu, ambazo Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizikusanya na kuzichapisha mwaka wa 1995 chini ya anwani Mashairi ya Vita vya Kuduhu, zinadhihirisha namna malenga wa pande mbili walivyotukanana, kutishana na kubezana bila kulazimika kutaja kila jambo kwa jina lake. Msikilizaji wa ndani alielewa. Msikilizaji wa nje alibaki na chombo, mnyama au bahari. Malenga aliyezoea kumficha mtawala katika umbo la jahazi hakuhitaji kujifunza upya namna ya kumficha mpenzi. Ghala la mafumbo lilikuwa moja, na aliyekuwa na ufunguo wake alifungua milango yote miwili.

Kiambishi kisichosema

Hata hivyo, fumbo ni uamuzi wa mshairi. Lipo jambo jingine ambalo si uamuzi wa mtu. Tuchukue sentensi ya kubuni: Nilimngoja ufuoni hata alfajiri, hakuja; jeraha lake lingali kifuani mwangu. Anayengojwa anarejelewa mara tatu, kwa kiambishi cha yambwa -m-, kwa kitenzi hakuja, na kwa kimilikishi lake. Hakuna hata kimoja kinachotuambia kama ni mwanamume au mwanamke. Sentensi hiyo ikitiwa katika Kiingereza, mfasiri hana budi kuchagua tangu neno la kwanza linalomrejelea mtu huyo. Ikitiwa katika Kiarabu, hata kitenzi kitadai jinsia. Kwa Kiswahili, msimulizi anaweza kuhadithia mapenzi ya miaka ishirini bila kusema uongo na bila kusema ukweli.

Haifai kutia chumvi hapa. Kiswahili si lugha isiyojua jinsia. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kitenzi hicho kimoja kinatosha kulifumbua shairi zima. Yapo majina ya heshima, istilahi za ukoo, na sifa za umbo ambazo kwa desturi humwelekea mwanamke. Lakini hata hapo tahadhari inahitajika. Udi na mafuta ya manukato havikuwa vya wanawake pekee pwani, na wanja nao ulipakwa na wanaume. Msomaji wa leo anayeona manukato katika ubeti akaamua papo hapo kwamba anayenukia ni binti anasoma desturi za nyumba yake mwenyewe.

Wenye elimu wa Mombasa walikuwa na kielelezo kingine masikioni. Katika ghazali za Kiarabu, ilikuwa desturi ya kale kumrejelea mpenzi kwa dhamiri ya kiume hata pale aliyekusudiwa alipokuwa mwanamke, kwa adabu ya kutomfunua; huku washairi kama Abu Nuwas, aliyefariki yapata 814, wakikusudia wavulana waziwazi. Dhamiri moja ilibeba maana mbili, na hadhira ilijizoeza kukisia. Kiajemi kipo karibu zaidi na Kiswahili, kwa kuwa nacho hakitofautishi jinsia katika dhamiri. Ni katika ushairi wa Kiajemi ambamo kisa cha Sultani Mahmud wa Ghazna, aliyetawala kuanzia 998 hadi 1030, na Ayaz, mtumwa aliyepanda cheo akawa mkuu wa jeshi, kiligeuka kuwa mfano mashuhuri wa mapenzi na utiifu. Sultani aliyevuka milima kwenda kuteka India anakumbukwa na malenga kama mtu aliyetekwa na askari wake mwenyewe. Kisa hicho hakikufichwa. Kiliimbwa karne baada ya karne na watu wa dini, wengi wao wakikifasiri kuwa mfano wa mja na Mola wake.

Kinachojitokeza katika mlinganisho huu ni kwamba ukimya wa sarufi haufanyi kazi moja kila mahali. Kwa Waajemi ulifungua mlango wa tafsiri ya kidini. Kwa Waswahili ulikutana na thamani nyingine, nayo ni sitara. Kusitiri, pwani, si sawa na kudanganya. Ni kumwachia mwenzako pazia, kama vile nyumba ya Mji wa Kale inavyojenga daka mbele na kuacha ua nyuma: mgeni anakaribishwa, lakini si kila mahali. Mafundisho ya dini yanayomtaka Mwislamu aifunike aibu ya mwenzake yalilipa jambo hilo nguvu zaidi. Mtu anaweza kulijua jambo, na jirani akajua kwamba analijua, na wote wawili wakaishi na kuzikana bila kulitamka.

Walioibeba diwani

Tungo za Muyaka hazikutufikia kwa mkono wake. Zilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu, na hasa zake Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka wa 1890, ambaye alimsaidia mmishenari W. E. Taylor kuzikusanya mjini Mombasa. Miswada ya Taylor imehifadhiwa London, na ni kutokana na kazi hiyo ambapo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka wa 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz akaja na uchunguzi wake mpana mwaka wa 1979. Kwa hiyo kati ya mshairi na darasa letu wamesimama mwalimu wa Kiislamu, padri wa Kianglikana, mhariri wa Kiingereza na mtaalamu wa isimu wa Kikenya. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za kuthamini tungo hizo, na kila mmoja alikuwa na adabu yake.

Msomaji mwenye shaka ataruka hapa na kuuliza: nani kati yao alibadilisha neno? Swali hilo lina mfano wake Ulaya. Michelangelo, mchongaji na mshairi wa Italia aliyefariki mwaka wa 1564, alimwandikia kijana Tommaso de' Cavalieri mashairi ya mapenzi. Mashairi hayo yalipochapishwa mwaka wa 1623, mjukuu wa ndugu yake alizigeuza dhamiri za kiume zikawa za kike, na ulimwengu ulisoma hivyo hadi Cesare Guasti aliporejesha maneno ya awali mwaka wa 1863. Miaka 240 ya usomaji ilijengwa juu ya herufi chache. Vita Kuu ya Kwanza ina mfano wake pia. Wilfred Owen, afisa na mshairi wa Kiingereza, alikutana na mshairi mwenzake Siegfried Sassoon mwaka wa 1917 katika hospitali ya Craiglockhart huko Scotland, wote wakiwa wagonjwa wa vita. Barua za Owen zinaonyesha alivyompenda Sassoon kupita kiasi cha urafiki wa kawaida. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha, na baadaye ndugu yake Harold akazifuta sehemu za barua zake kabla ya kuruhusu zichapishwe. Alifanya hivyo kwa kumpenda marehemu, bila shaka. Huko nako kulikuwa na sitara ya aina yake, ila ilihitaji wino mweusi.

Sasa turudi Mvita. Hakuna haja ya kumshuku Sikujua wala Taylor kwa kosa kama la mhariri wa 1623, na sababu si uaminifu wao tu. Katika Kiswahili mhariri hana cha kubadilisha. Hata angekuwa na nia mbaya kiasi gani, -m- ingebaki -m-. Yaliyohitaji mkasi Italia na wino Uingereza, kwetu yalikwisha kufanywa na ngeli ya kwanza. Badiliko hutokea baadaye, pembezoni mwa matini: katika kichwa anachokibandika mhariri, katika maelezo ya chini, katika tafsiri ya Kiingereza inayochapishwa ukurasa wa pili, katika mwongozo wa mtihani. Mwanafunzi anayesoma shairi pamoja na tafsiri yake anapokea jinsia kutoka ukurasa wa kulia na kuirudisha ukurasa wa kushoto, ambako haikuwamo. Kisha anasema ameiona katika shairi.

Sheria na hati zake

Mtafiti wa historia angeweza kusema: tuache ushairi, twende kwenye nyaraka. Ushauri huo ni mwema, lakini ni vizuri kujua nyaraka hizo ziliandikwa kwa kusudi gani. Sheria ya Jeshi ya Uingereza ya 1881, iliyowafunga maafisa wa Kiingereza waliokuja baadaye kuongoza kikosi cha King's African Rifles, iliuhesabu mwenendo wa kinyume cha maumbile kuwa kosa la kumfedhehesha askari. Mwaka wa 1897 Kanuni ya Adhabu ya India, pamoja na kifungu chake cha 377, ilianza kutumika katika himaya ya Afrika Mashariki. Na mwaka wa 1930 Kenya ikapata Kanuni ya Adhabu yake, ambayo vifungu vyake vya 162, 163 na 165 vingali katika sheria. Kifungu cha 162 kinaweza kumpeleka mtu jela miaka 14. Uingereza yenyewe iliondoa marufuku ya wapenzi wa jinsia moja katika majeshi yake Januari 2000.

Hati za namna hiyo humtambua mtu siku anapokamatwa. Waliopendana bila kukamatwa hawamo. Barua nazo hazisaidii sana, kwani barua za askari wakati wa vita zilipitiwa na wakaguzi, na hakuna aliyekuwa na wazimu wa kumwandikia mkaguzi siri yake. (Si ajabu kwamba Mombasa ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa makao ya wasomaji wa siri: mwaka wa 1942 manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, na wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya Wajapani wakapiga kambi katika Shule ya Allidina Visram. Hao walisoma fumbo la adui. La jirani hawakulijali.) Ngome ya Yesu yenyewe, iliyokuwa kambi ya wapiganaji wa Mazrui, iligeuzwa gereza mwaka wa 1895 na ikabaki hivyo hadi 1958. Jengo lile lile lililowakusanya wanaume kwa ajili ya vita likawakusanya kwa ajili ya adhabu. Kutoka kipindi cha kwanza tumebakiwa na mashairi. Cha pili kilikuwa na madaftari.

Tofauti hiyo ina matokeo katika maisha ya watu hadi leo. Mwaka wa 2015 wanaume wawili walikamatwa Pwani ya Kusini na kulazimishwa kuchunguzwa miili yao hospitalini mjini Mombasa, ili maungo yao yatoe ushahidi ambao hakuna aliyekuwa nao. Mahakama Kuu ya Mombasa iliuona uchunguzi huo kuwa halali mwaka wa 2016. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mombasa, iliubatilisha. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba chama cha kutetea haki za watu hawa hakiwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Katika kila moja ya kesi hizi ilidaiwa na baadhi ya watu, ndani na nje ya mahakama, kwamba jambo lenyewe ni geni, halimo katika utamaduni wetu wala katika fasihi yetu. Dai hilo la mwisho linatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi moja kwa moja, kwa sababu ni sisi tunaoandika miongozo.

Hamza na Oberleutnant

Kwa kuwa ushairi wa kale unanyamaza, ni vyema kuutazama utunzi wa sasa ambao unasema, japo kwa sauti ya chini. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 2021, anamleta katika Afterlives kijana aitwaye Hamza, ambaye aliwahi kutolewa kwa mfanyabiashara kufidia deni la babake na sasa anajiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani. Wakati wa ukaguzi afisa mmoja, anayetajwa kwa cheo chake tu cha Oberleutnant, anamtazama kwa muda mrefu kupita kiasi na kumchagua awe mtumishi wake. Anamfundisha Kijerumani. Anataka siku moja Hamza aweze kumsoma Schiller. Usiku anamsimulia habari za ndugu yake mdogo aliyekufa kwa moto kambini, na Hamza anatambua kwamba macho yake mwenyewe yanamkumbusha bwana huyu maiti aliyempenda.

Askari wengine wanaona. Kejeli zinaanza, na sajini wa Kijerumani, Feldwebel, anajawa na chuki inayofanana mno na wivu. Karibu na mwisho wa vita Feldwebel anamkata Hamza kwa upanga nyongani. Afisa anahakikisha majeruhi amefikishwa katika misheni, na anamwachia kitabu cha Schiller. Hawaonani tena.

Je, hayo ni mapenzi? Gurnah hajibu, na hapo ndipo ustadi wake ulipo. Hakuna tendo linalosimuliwa ambalo mahakama yoyote ingeweza kulitumia. Kuna mtazamo, kuna somo la lugha, kuna kitabu. Hali kadhalika haiwezekani kusahau kwamba mmoja ni mtawala na mwingine ni mtawaliwa. Hamza hakuwa huru kukataa kutazamwa. Katika riwaya yake ya awali, Paradise (1994), Gurnah alimchora mnyapara wa msafara anayeogopwa na wapagazi kwa kuwaingilia kwa nguvu. Mwandishi huyu, basi, anajua vyema kutenganisha unyama na huba. Kwa Oberleutnant anakataa kutenganisha kwa urahisi. Upole wa afisa ni wa kweli, na ni upole wa mtu mwenye bunduki.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, sehemu yenye faida zaidi ni ya lugha. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini askari wa jeshi lile walitumia Kiswahili kambini, na maafisa walilazimika kukijua ili waamrishe. Hivyo tunachosoma kwa Kiingereza tayari ni aina ya tafsiri. Mfasiri atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili, kama Ida Hadjivayanis alivyoitia Paradise na kuiita Peponi (2022), atakumbana na mambo mawili. La kwanza ni neno alimtazama. Kiingereza kinahitaji maneno mawili yaliyosimama mbalimbali, moja la mtazamaji na jingine la mtazamwa. Kiswahili kinawaweka wote wawili ndani ya neno moja, wakiwa wametenganishwa na wakati uliopita peke yake, a-li-m-. Ukaribu ambao mwandishi alitumia kurasa kuujenga, sarufi inautoa bure.

La pili ni gumu zaidi. Kejeli za askari zitaitwaje? Hanithi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko Oman linamhusu mwanamume mwenye nafasi maalumu katika jamii. Pwani kwetu hubeba pia dhana ya kukosa nguvu za kiume. Msenge ni tusi tupu. Shoga, kwa wanawake wa Mombasa, ni rafiki wa kike wanayeitana kwa upendo, na kwa wanaume hubadilika likawa fedheha. Gill Shepherd (1987), aliyeichunguza Mombasa, alisisitiza kwamba hadhi ya mtu mjini ilitegemea zaidi nasaba na mali kuliko nani analala naye, na kwamba uhusiano wa shoga na basha ulikuwa na sura ya mteja na mfadhili. Deborah Amory (1998) aliongeza kwamba maneno haya hayalingani na istilahi za Magharibi. Kwa hiyo neno lolote mfasiri atakalomtilia Hamza litamhukumu. Shoga litamfanya mteja wa afisa. Hanithi litamtia kasoro ya mwili. Msenge litampa msomaji ruhusa ya kutoendelea kufikiri.

Mipaka

Lipo kosa la upande wa pili, nalo linaanza kuonekana katika insha za wanafunzi waliosoma nadharia mpya kwa pupa. Hao wakiona sahibu wanaona mchumba, na wakiona wanaume wawili ukutani usiku wanamaliza utafiti. Kosa hilo ni ndugu wa lile la kwanza: yule aliandika "wa kike" mahali patupu, huyu anaandika "wa kiume". Urafiki wa wanaume pwani ulikuwa na lugha nzito ya huba ambayo haikudai kitanda, na mtu aliyempoteza mwenziwe Shela alikuwa na haki ya kumlilia kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Shairi lisilosema jinsia halithibitishi chochote kuhusu mtunzi wake. Linathibitisha kwamba aliyelitunga, pamoja na waliolisikia, waliridhika kutosema.

Usomaji unaopendekezwa hapa ni wa kazi ya mkono zaidi kuliko wa nadharia. Mwanafunzi afungue Diwani ya Muyaka akiwa ameifunika tafsiri na maelezo kwa karatasi. Apige mstari kwa kalamu ya risasi chini ya kila nomino, kitenzi na sifa inayotaja jinsia bila shaka: mke, binti, kuolewa. Tungo hizo azitenge. Zitakazobaki azisome mara mbili, mara ya kwanza mpenzi akiwa mwanamke na mara ya pili akiwa mpiganaji mwenziwe, na aandike ni mshororo gani, kama upo, unaokataa usomaji wa pili. Baada ya hapo tu ndipo aondoe karatasi, asome maelezo ya mhariri, na kuhesabu ni mara ngapi jinsia imeingia kutoka huko.

Kila a- na kila -m- iliyobaki bila mstari aiache kama alivyoikuta.